Re: Mtoto amealikwa kutazama hoki ya barafu Köln, avae nini?

Habari za jioni ndugu zangu,

Mwanangu wa miaka saba amealikwa na familia ya mwanafunzi mwenzake kwenda kutazama hoki ya barafu Lanxess Arena, nami nimeambiwa nifuatane naye. Tumehamia hapa Agosti, mchezo wenyewe hatuujui. Humo ndani ni baridi kama nje? Na kuna hatari yoyote kwa mtoto?

Mama mgeni, Köln

---

Mdogo wangu, karibu sana Köln.

Nendeni, mtafurahi. Ukumbi ule ulifunguliwa 1998 na kwenye hoki unaingiza watu zaidi ya 18,000, kwa hiyo jambo la kwanza ni kumshika mtoto mkono mlangoni na kumwandikia namba yako ya simu kwenye karatasi, uitie mfukoni mwake.

Kuhusu baridi: inatoka chini. Nimewahi kufanya kibarua cha usiku kwenye ukumbi mmoja wa hapa Ujerumani, tukitandika sakafu kwa ajili ya tamasha la muziki. Barafu haiyeyushwi, inafunikwa tu kwa vibao vinavyozuia ubaridi. Unene wake ni sentimita tatu nne hivi, juu ya zege lenye mabomba ya kupoza. Usiku wa kwanza nilipiga goti kuunganisha vibao viwili, nikavaa suruali mbili, na bado goti likafa ganzi. Kwa hiyo mvalishe soksi mbili na viatu vya soli nene. Juu, koti la kufungua zipu linatosha, maana watu wakishajaa, viti vya juu vinapata joto.

Mchezo ni vipindi vitatu vya dakika 20, lakini saa husimama kila filimbi inapolia, na kuna mapumziko mawili. Hesabu saa mbili na nusu. Wakati wa mapumziko wengi hukimbilia chakula. Wewe subiri kwanza. Linaingia gari linalokwangua barafu iliyochimbika na kumwaga maji ya moto kidogo, yanaganda papo hapo, nyuma yake panabaki pamelainika kama kioo. Mwanangu wa kwanza alikuwa haulizi magoli, anauliza lile gari linarudi lini.

Hatari ipo moja. Kile kidude cheusi wanachokipiga ni kisahani cha mpira mgumu cha gramu 170 hivi, na mara mojamoja huruka juu ya kioo kinachozunguka uwanja. Mchezo ukiendelea, macho yawe kwenye barafu, si kwenye simu. Goli likiingia king'ora kinalia kwa nguvu, mwambie mapema asishtuke.

Mkoba mkubwa uache nyumbani. Shukeni kituo cha Deutz, tramu namba 1 au 9. Soma tiketi yako vizuri, tiketi nyingi za Ujerumani hujumuisha na nauli.

Dada yako wa Mülheim

---

Shikamoo dada.

Niongeze kwa walio Uswisi: hapa Bern ukumbi unachukua watu elfu 17 na kidogo, lakini kama elfu 10 kati yao wanasimama, kwenye jukwaa moja refu lililopanda kama kilima. Sijaona pengine watu wakiimba hivyo. Ila usimpeleke mtoto pale, ataona migongo tu. Nilimbeba mpwa wangu mabegani kipindi kizima, shingo ikauma wiki nzima. Mlipie kiti.

Kaka wa Bern

---

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tiketi zetu ni mstari wa nne, nyuma ya goli. Nibadilishe?

Mama mgeni

---

Marahaba kaka.

Mdogo wangu, usibadilishe. Nyuma ya goli kuna wavu mrefu juu ya kioo, ndipo palipo salama zaidi kwa mtoto, na atawaona wachezaji wakigongana kwenye ubao wa ukingoni hatua chache tu kutoka kwake. Ila mstari wa nne uko karibu na barafu: ongeza glavu, na kiblanketi cha kukalia.