Debiti, krediti na makato ya mshahara Uingereza: msaada kabla sijaondoka

Binti wa Tabata anaandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Naondoka Septemba kwenda Leicester kikazi, mkataba umeshakuja na viza imetoka kwa hiyo huko sina presha, presha yangu ni karatasi zao za hela. Binamu yangu aliyetangulia amenirushia WhatsApp stetimenti yake ya benki na salari slipu ili nizoee, nimekaa nazo hapa ofisini Kariakoo lanchi nzima naona kama zimeandikwa kinyumenyume. Nimesoma diploma ya uhasibu IFM, kila siku napostia vitabu vya bosi, hela ikiingia benki nadebiti akaunti ya benki basi. Kwenye stetimenti yake mshahara umeingia wameandika krediti!! Halafu kuna siku salio limeandikwa DR pembeni, kumuuliza ananiambia siku hiyo alikuwa ameingia kwenye ovadrafti. Na kodi amekatwa kubwa kuliko rafiki yake wanaolipwa sawasawa. Kiingereza cha darasani ninacho ila hiki cha karatasi kinanipiga chenga, naombeni mnieleweshe taratibu.

Mzee wa Upanga anajibu:

Marahaba mwanangu, hongera kwa safari. Nimeishi Reading miaka mingi kabla sijarudi nyumbani, nimeshika vitabu vya watu huko na hapa Dar, kwa hiyo hili naliweza.

Ulichofundishwa pale mtaa wa Shaaban Robert ni sahihi, na stetimenti ya binamu yako nayo ni sahihi. Swali la kujiuliza kila ukishika karatasi ya hela ni moja tu, hiki kitabu cha nani? Stetimenti si kitabu chako mwanangu, ni ukurasa wa kitabu cha benki, wewe umegawiwa nakala. Chukua mfano unamwachia Mangi wa mtaani kwenu elfu hamsini uwe unachukua vitu kidogokidogo mwezi mzima. Kwako wewe hiyo elfu hamsini ni mali yako iko kwa Mangi (na mali inakaa upande wa debiti), lakini Mangi kwenye daftari lake anaandika kwamba wewe unamdai. Hela ni ileile, madaftari mawili, na kila mtu ameandika upande wake. Benki ni hivyohivyo: mshahara ukiingia wao wanakuwa na deni kwako, na deni la mtu linakaa upande wa krediti. Ukitoa hela wanakuwa wamekulipa sehemu ya deni, wanakudebiti. Ukitoa mpaka ukapitiliza sasa wewe ndo unadaiwa, salio linageuka, wanaandika DR (debiti) au OD (ovadrafti). Kwa hiyo DR kwenye salio si habari njema hata kidogo.

Na hili mbona unalifanya kila mwisho wa mwezi bila kulisema? Ukikaa kumfanyia bosi usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha kitabu chenu na cha benki, unatiki debiti za keshibuku yako na krediti za stetimenti. Ndo hilohilo.

Ukilishika hili mengine yanajifungua yenyewe. Debiti kadi inapunguza deni ambalo benki inakudai, aah samahani, ambalo wewe unaidai benki (hata sisi wazee ulimi unateleza hapa). Krediti kadi hela si yako, unakopa kila unapochanja na bili inakuja baadaye. Saplaya akikutumia krediti noti, tuseme umemrudishia bidhaa, maana yake kwenye kitabu chake amekupunguzia deni, kwako wewe unamdebiti yeye. Watu wengi ofisini wanaona krediti noti wanaiposti upande uleule iliyoandikwa, mwisho wa mwaka mkaguzi akija ndo kelele zinaanza.

Kuhusu kodi nawaachia walioko huko sasa hivi.

Dada wa Leicester anajibu:

Karibu sana mdogo wangu, ukifika nitafute, baridi ya huku inahitaji mtu wa kukuonyesha pa kununulia koti.

Suala la binamu yako angalia msimbo wa kodi kwenye slipu yake, hapo ndo siri ilipo. Kawaida ni 1257L, maana yake pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazikatwi kodi, hiyo ndo ruhusa yako. Mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili unaishia tarehe 5 Aprili, usiulize kwa nini. Juu ya hizo 12,570 mpaka 50,270 kodi ni asilimia 20. Tuseme unalipwa pauni 24,570 kwa mwaka, hesabu rahisi: zinazokatwa kodi ni 12,000, kodi 2,400 kwa mwaka, yaani 200 kwa mwezi. Halafu kuna Nashono Inshuransi, mchango wao wa hifadhi ya jamii, asilimia 8 ya hizohizo 12,000, hiyo ni 80 kwa mwezi. Grosi yako ya mwezi kabla ya makato ni 2,047.50, ukitoa hizo mbili inabaki 1,767.50, na pensheni nayo ina kipande chake.

Sasa ukikuta msimbo ni BR, hapo wamekunyima ile ruhusa yote, asilimia 20 inakata kuanzia pauni ya kwanza, kwa mshahara huohuo kodi inakuwa 409.50 badala ya 200! BR ni ya mtu mwenye kazi nyingine pembeni. Inatokeaje kwa mtu mwenye kazi moja? Ukiripoti kazini unapewa fomu ya mfanyakazi mpya, ina kauli tatu A, B na C uchague moja. A ni kwamba hii ndo kazi yako ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili na hujalipwa pensheni wala posho fulani za serikali, C ni kwamba una kazi nyingine au unalipwa pensheni. Watu wanaweka tiki wakiwa na usingizi wa safari. Usipoirudisha kabisa wanakupa 0T, nayo haina ruhusa yoyote. Hela haipotei, HMRC ambao ndo TRA ya huku wakirekebisha msimbo inarudi kwenye mshahara, ila wewe mwezi huo unalipa kodi ya nyumba na nini?

Kitu kingine na hiki kitakuhusu wewe wa Septemba. Ukiwa na 1257L ya kawaida hesabu inalimbikizwa kuanzia Aprili, kwa hiyo ile ruhusa ya miezi ambayo hukuwepo inakusubiri. Kwa mshahara wa mfano wangu ukilipwa kuanzia mwisho wa Septemba kodi itasoma sifuri mpaka Januari, ndo Februari inaanza kukata. Usikimbilie kupiga simu kwamba wamesahau, na usianze kuishi kama hiyo ndo teki homu yako (hela inayobaki baada ya makato) ya siku zote maana Februari utalia. Nashono Inshuransi yenyewe hailimbikizwi, inakata kuanzia mwezi wa kwanza. Ukiona pembeni ya 1257L kuna W1 au M1 basi limbikizo hakuna, kila mwezi unahesabiwa peke yake.

Tunza P60 yako, karatasi ya jumla ya mshahara na kodi ya mwaka, kila mwaka wa kodi ukiisha, na ukiacha kazi dai P45, ile inayoonyesha ulicholipwa na kodi uliyokatwa mpaka hapo, mwajiri mpya ataitaka.

Kaka wa Mbezi anajibu:

Mimi sijawahi kutoka zaidi ya Nairobi lakini nina neno. Dada ukifika utaona matangazo ya mikopo yameandikwa APR, na akaunti za akiba zimeandikwa AER, APR ni gharama ya kukopa kwa mwaka pamoja na ada za lazima, AER ni unachopata wewe kwa mwaka riba ikizaa riba. Hapo wenzetu wametuacha, maana hapa Bongo unaambiwa "asilimia mbili tu kwa mwezi", unasaini.

Piga hesabu uone. Unakopa 1,200,000 miezi 12, asilimia 2 kwa mwezi ya mtindo wa flati. Riba 24,000 mara 12 ni 288,000, rejesho 124,000 kila mwezi. Lakini mwezi wa kumi umeshalipa sehemu kubwa ya mkopo na bado unatozwa riba ya 1,200,000 nzima ambayo huna mkononi!! Ukiigeuza iwe riba ya salio linalopungua inakuja karibu asilimia 3.5 kwa mwezi, kama 42 kwa mwaka. Nasema hivi kwa sababu watu wanakopa nauli na hela ya viza kwa hawa jamaa wa mtaani halafu wanaanza maisha ugenini na rejesho la Dar linawangoja. Kabla hujasaini uliza flati au salio linalopungua, akianza kuzunguka ujue ni flati.

Binti wa Tabata anaandika:

Asanteni sana jamani, dada nitakutafuta kweli wala sitanii. Kaka wa Mbezi umenishtua, nilikuwa na karatasi ya hao hao kwenye pochi.

Viwili tu vya mwisho. Kuna dairekti debiti na stendingi oda, binamu anasema ni kitu kimoja. Pili, nitakuwa namtumia mama hela kwenye akaunti yake, nimejaribu kuangalia fomu ya benki moja ya kule inadai IBAN, namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, nimeenda tawini kwa mama wananiangalia tu.

Mzee wa Upanga anajibu:

Si kitu kimoja. Stendingi oda unaiamuru wewe: pauni kadhaa, tarehe fulani, kwa fulani, haibadiliki mpaka wewe uibadilishe. Wapangaji wengi wanalipia kodi ya nyumba kwa njia hii. Dairekti debiti umempa mwenzako ruhusa aje achukue mwenyewe, na kiasi anaweza kubadilisha ilimradi akutaarifu kabla. Umeme na simu ndo huko. Sisi tumezoea LUKU, huna yuniti unakaa giza basi, hakuna anayekudai. Kule unatumia kwanza, anayekudai anaingia kwenye akaunti yako tarehe yake na kama hakuna kitu inarudi na matatizo yanafuata. Panga tarehe zao ziwe siku mbili tatu baada ya mshahara, ukiomba wengi wanakubali. Wakichukua kimakosa iambie benki yako, kuna dhamana ya dairekti debiti na benki inatakiwa ikurudishie.

IBAN usihangaike, Tanzania haitumii IBAN ndo maana pale tawini walikutolea macho. Unachohitaji ni namba ya akaunti ya mama kamili, jina kama lilivyo benki na siyo mnavyomwita nyumbani, na msimbo wa SWIFT wa benki yake, ule unaoitambulisha benki kimataifa, una herufi 8 au 11 na ya tano na ya sita ni TZ. Kama fomu ya mtandaoni inang'ang'ania IBAN, hakikisha kwanza umechagua nchi ya Tanzania, mara nyingi kisanduku kinabadilika chenyewe kikataka namba ya akaunti. Usiwajazie soti kodi yako hapo, hiyo ni namba ya tarakimu 6 ya benki yako ya Uingereza na haihusiani na TRA wala na mama.

Halafu watakuuliza makato yawe OUR, SHA au BEN. OUR unalipa wewe yote, SHA mnagawana, BEN anakatwa mama. Njiani kunaweza kuwa na benki ya kati nayo inachota chake, kwa hiyo kama ni ada ya shule ya mdogo wako inayotakiwa ifike kamili chagua OUR.

Na wakikutangazia kutuma bure, angalia reti. Tofauti ya shilingi mia kwa pauni moja ukituma pauni 200 ni elfu ishirini imekwenda, na kwenye risiti itaandikwa makato sifuri.

Dada wa Leicester anajibu:

Naongezea, nimesahau. Ukishapata anwani jiandikishe kwenye daftari la wapiga kura, sisi Watanzania tunaruhusiwa kwa sababu ya Jumuiya ya Madola. Hata kama siasa zao hazikuhusu, Experian, Equifax na TransUnion, makampuni yanayotunza rekodi za mikopo za watu, wanaliangalia hilo daftari kwenye rekodi yako ya mikopo, na mgeni anafika huku rekodi yake ni tupu hata kama Dar ulikuwa hudaiwi na mtu. Mkataba wa simu tu unaweza kukataliwa.

Na uje na dagaa.