Altaneta ya Land Rover Series III: tuifufue Lucas ya zamani, tufunge A127, au tuhamie Denso?

Mwenye mada, Karatu

Ndugu wanajukwaa, nina Land Rover Series III ya mwaka 1979, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya dizeli ya lita 2.25. Altaneta yake (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka), Lucas 16ACR ya ampea 34, imechoka. Brashi zimebadilishwa mara mbili na taa ya chaji bado inabaki na mwanga hafifu hata nikikanyaga mafuta. Usiku huwasha taa kubwa pamoja na spotlaiti mbili za wati 100 kila moja, kwa sababu barabara ninayopita ina giza na ng'ombe hulala katikati yake. Naomba mnilinganishie njia tatu, hasa upande wa nyaya: kuifufua hii, kufunga Lucas A127 iliyo kubwa zaidi, au kuhamia altaneta ya Kijapani ya Denso.

Mchangiaji, fundi umeme wa magari, Nairobi

Ndugu yangu, anza na hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 na spotlaiti zako ni wati 320, yaani takribani ampea 23 kabla hujagusa waipa wala kuirudishia betri ulichotumia kuwasha gari. Ampea 34 hupatikana injini ikiwa kasi. Ikishuka, altaneta hiyo haiwezi kuubeba mzigo huo.

Mimi ningefunga Lucas A127 ya ampea 65. Ni ya ukoo uleule, na bureketi huhitaji marekebisho madogo tu. Kwenye plagi yako ya zamani utakuta waya mnene wa kahawia, ambao ndio unaokwenda upande wa betri, na mwembamba wa kahawia wenye mstari wa njano, ambao unatoka kwenye taa ya chaji. Mnene unaufunga kwenye tundu la altaneta lenye alama ya B+, mwembamba kwenye lile la D+. Ukiona tundu lenye alama ya W, hilo ni la mita ya mizunguko ya injini, liache wazi.

Nakusihi usiidharau ile balbu ya dashibodi. Ni ya wati 2.2, na umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, au mtu akiweka ya LED, altaneta nzima kabisa inaweza kukataa kuchaji mpaka uikanyage injini sana, nawe ukaenda kununua nyingine bure.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nilihamia Denso ya mtumba iliyotoka kwenye Toyota ya petroli, na sijajuta. Plagi yake ina pini tatu: IG inapata umeme wa swichi ya ufunguo, S inakwenda moja kwa moja kwenye chanya ya betri ili regyuleta (kidhibiti cha wolti za kuchaji) isome hali halisi ya betri, na L inakwenda kwenye taa ya chaji. Kwa kuwa regyuleta inalishwa na IG, kuungua kwa balbu hakukuzuii kuchaji.

Ila chagua kwa macho. Altaneta nyingi za Toyota za dizeli zina pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa kwa ajili ya breki) mgongoni, inayotaka bomba la oili, hiyo haikufai. Hakikisha pia si ya wolti 24. Puli yake mara nyingi ni ya mkanda bapa wenye mifereji mingi, kwa hiyo itakubidi utafute puli ya mkanda wa V ambayo tundu lake linalingana na shafti.

Mchangiaji, Morogoro

Kama si hizo spotlaiti, ningekushauri uibadilishie Lucas yako daiodi (vipande vinavyogeuza umeme wake uwe wa mkondo mmoja) na regyuleta, kisha uiache na nyaya zake za asili. Kwa mzigo wako, hapana.

Fundi wa Nairobi

Hoja ya pini ya S ni nzuri. Lakini yoyote utakayofunga, usiutegemee ule waya mnene wa zamani, kwani ulipimwa kwa ampea 34. Gari moja nililolipokea lilikuwa na wolti 14.2 kwenye altaneta na 13.1 kwenye betri, taa zikiwa zimewashwa, yaani wolti 1.1 ilipotelea kwenye waya. Plastiki ya plagi ilikuwa imeyeyuka na kopa imegeuka nyeusi. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 16 kutoka B+ hadi chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 80 karibu na betri, na uongeze waya wa ethi kutoka injini hadi chesisi. Fungua kwanza hasi ya betri, na usiichomoe betri kamwe injini ikiwa inanguruma, maana daiodi zitakufa.

Mwenye mada

Ahsanteni sana. Nimefunga A127 pamoja na waya mpya. Taa zote zikiwaka, altaneta inasoma wolti 14.2 na betri 14.1. Balbu ya chaji niliyoikuta ilikuwa na uzi mweusi uliokaribia kukatika. Nimeweka mpya ya wati 2.2, na sasa inazimika mara tu injini inapowaka.