Walimu wa awali Mwanza, wiki ya herufi moja mnaipangaje?

Mwl_Buhongwa:
Habari zenu wadau. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Buhongwa, mwaka huu nimehamishiwa darasa la awali nikitokea la nne. Watoto ni wengi, ule uwiano wa mwalimu 1 kwa watoto 25 kwetu haupo kabisa. Sasa irabu tumemaliza nimeanza m, Jumatatu naandika ubaoni wananakili, Jumanne wanarudia, ikifika Jumatano wengine wamelala mkekani na wengine hata penseli hawajui kuishika. Alafu wengi kwao wanaongea Kisukuma, Kiswahili wanakikuta shuleni. Huu mtaala ulioanza Januari 2024 unataka watoto wajifunze kwa michezo, naukubali, ila naomba mtu aniambie siku kwa siku anafanya nini.

DadaWaAwali_Ilemela:
Pole na hongera mwalimu, umepewa darasa muhimu kuliko yote. Jumatatu funga madaftari kabatini. Siku hiyo ni masikio tu. Wakalishe duara, waambie leo tunatafuta sauti mmm, na utamke mmm yenyewe usiseme "em" wala "ma", waweke kidole mdomoni wasikie inavyotetemeka. Alafu taja maneno, mama, maji, sato, mkeka, wakisikia mmm mwanzoni wasimame, wasipoisikia wakae. Yule anayesubiri mwenzake asimame ndo na yeye asimame utamuona hapohapo, huyo mweke karibu na wewe wiki nzima.

Jumanne makofi ya silabi. Tumia samaki mana watoto wa huku wanawajua wote. Sa-to mawili, da-ga-a matatu, sa-nga-ra matatu. Ukifika mtumbwi kuna watakaopiga mawili na watakaopiga matatu, wa matatu ndo wamepatia, ile m ya mwanzo inasimama peke yake. Hapa usikimbie hata kidogo mwalimu, Kiswahili tunaandika kama tunavyotamka, kwahiyo mtoto anayeweza kulikata neno kwa makofi ndo huyohuyo atakayeunganisha ma na ma akasoma mama bila kukariri.

Jumatano ndo herufi wanaiona. Kidole kwenye sinia la mchanga, vizibo vya soda wanapanga umbo la m juu ya boksi, udongo wa kufinyanga, vidole vinapata nguvu ya kushika hiyo penseli. Na usiwafundishe wote kwa pamoja, gawa vikundi wabadilishane we unazunguka, kipindi chenyewe ni dakika 20. Alhamisi ma me mi mo mu kwa kadi. Ijumaa hadithi chini ya mti, baada ya hapo ndo penseli, mstari mmoja tu unatosha.

BabaWawili_Igoma:
Samahani walimu mi ni mzazi. Wa kwangu yupo awali, wa jirani yupo inglishi midiamu anaandika a mpaka z, wa kwangu nikimuuliza leo mmefanya nini anasema tumepiga makofi. Naogopa akifika la kwanza ataachwa. Nyumbani nimsaidieje?

DadaWaAwali_Ilemela:
Baba, hofu yako naielewa, wazazi wengi wananiuliza hivyohivyo. Leo jioni muulize mwanao, kwenye maji ukitoa ma kinabaki nini? Akikujibu ji ujue anasonga vizuri kuliko anayenakili a mpaka z asijue inasema nini. Usimpe kurasa za kujaza. Mkiwa kwenye daladala muulize lile bango linaanza na sauti gani, na umpe sauti siyo jina la kiingereza, mana napokea watoto ukiwaonyesha ma wanasoma "em ei" na inachukua muda kuwatoa huko. Na usiku msimulie hadithi, kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani.

Mstaafu_Ukerewe:
Naunga mkono la lugha. Mwalimu wa Buhongwa, Kisukuma kisikutishe, mtoto aliyekulia kwenye hadithi za bibi yake anakuja na maneno kichwani tayari. Muache ajibu kwa Kisukuma, we lirudie jibu lake kwa Kiswahili, taratibu atahamia. Ila angalia sana l na r. Kisukuma hakina r, kwahiyo mtoto akisema "sangala" sio uzembe, sikio lake bado halijazitenganisha. Zisifuatane wiki kwa wiki, na ukifika r tumia siku nyingi zaidi kusikiliza, kula na kura, kalamu na karamu. Na asichekwe! Mtoto akichekwa na darasa hafungui mdomo tena. Kingine, huo mchanga atafute mtu mzima nchi kavu, msiwapeleke watoto kuchota ukingoni mwa ziwa, kichocho kipo.

Mwl_Buhongwa:
Shikamoo mwalimu mstaafu, na dada asante sana, kesho naanza na makofi. Swali la mwisho, baada ya m niende herufi gani?

Mstaafu_Ukerewe:
Marahaba mwanangu. Hilo namwachia dada yako.

DadaWaAwali_Ilemela:
Mi naenda k. Ukiwa na m, k na irabu 5 tayari wana mama, kaka, kuku, mkeka, mkoa, wanasoma neno zima mapema na hapo utaona wanavyochangamka. b na d zitenganishe kwa wiki kadhaa, zinafanana sura. mb, ch na ng' zisubiri kwanza, ng'ombe watamtaja tu mana kwao wapo, mpigieni makofi ila kumwandika bado.