Eti "binti yetu alitusaidia KUCHAPA"! Miezi 8 ya kuhesabu marejeleo imeliwa mchana kweupe

Mchele_wa_Kitere (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka ukumbini Shangani sasa hivi, bodaboda nimemlipa bila hata kudai chenji.

Yule bwana mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa miwani ya kamba, anayeegesha gari chini ya mwembe na mtu mwingine akiegesha hapo anaitiwa mlinzi, anayeanza kila sentensi na "katika utafiti wangu". Huyo huyo.

Leo kawasilisha utafiti. Utafiti WANGU, wa kuhesabu marejeleo ya makala za fizikia, yaani makala ipi imetajwa na nyingine mara ngapi. Ukumbi umejaa, wageni kutoka Dar wamekaa mbele, chai imeshapita, korosho za kukaanga ziko mezani. Projekta ikawaka, slaidi ya kwanza ikatoka. Jina lake, kubwa kama bango la uchaguzi. La pili, la shemeji yake muuza mabati. La tatu, la mtu ambaye kwa miezi 8 sijamwona hata kivuli. Basi. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu. Simo. Halafu akageuka, akaninyooshea kalamu, akasema kwa ile sauti yake ya upole: "Na binti yetu pale alitusaidia kuchapa."

KUCHAPA!

Mimi! Mimi niliyekusanya makala za migongano ya viini vizito vya atomu tangu mwaka 2010, walipoanza kugonganisha viini vya risasi kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kwenye ule mtambo wa duara wa kilomita 27 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Makala moja ya ALICE, kundi mojawapo la watafiti wa huko, inaweza kuwa na waandishi kama elfu moja, wamepangwa kwa alfabeti, hakuna bosi wala kijakazi. Elfu moja, wakuu! Na aliyekuwa anatenganisha jina moja moja ni mimi, maana mtu yuleyule huku kaandikwa jina zima, kule herufi moja na ukoo, pengine wameruka kistari, halafu kuna wengine sita wenye ukoo uleule na herufi ileile. Ni kama ukabidhiwe daftari la madeni la kijiji kizima cha akina Hamisi, Khamis na Hamis, uambiwe useme nani anamdai nani. Umeme ukikatika nawasha tochi ya simu, naendelea kwenye daftari. Nikilala naona majina yanatambaa kwenye chandarua.

Na wala si kuhesabu tu. Swali lilikuwa langu: makala yenye waandishi 1,000 ikirejelewa mara 100, kila mmoja aandikiwe zote 100, au wagawane kila mtu apate 0.1? Ukihesabu kwa njia ya kwanza, aliyekaza nyaya za kigunduzi (chombo kinachonasa kinachotoka kwenye mgongano) na aliyeandika makala wote wanakuwa majabali. Ukihesabu kwa njia ya pili, wote wanayeyuka kama chumvi. Na ile faharasa ya h aliyoileta Hirsch mwaka 2005 (ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imerejelewa si chini ya mara 20, basi h yako ni 20) kwa watu wa makundi makubwa inapanda kama homa ya mtoto. Haya yote nilimweleza ofisini kwake, akimenya ndizi. Akaniuliza, "Kwani hiyo h ndiyo nini?" Leo kasimama mbele ya wageni anaifafanua kama kaizaa yeye!

Utafiti wenyewe unahusu nani anastahili jina lake kuwekwa juu ya makala. NANI ANASTAHILI JINA! Kule wanakogonganisha viini hata aliyefariki hawamfuti, jina linabaki, wanaliwekea tu kialama cha marehemu. Mwaka 2015 ATLAS na CMS, makundi mengine mawili ya hukohuko CERN, walitoa makala ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs: waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina na taasisi tupu. Watu 5,154 wamepata nafasi, ya kwangu mmoja wa Mtwara imekosekana! Nimekaa kiti cha tatu kutoka mbele, napumua, na nimeshazikwa.

Alitusaidia kuchapa. Korosho ilikuwa mdomoni, wakuu. Kutafuna nikashindwa, kutema nikashindwa. Nimekaa nayo shavuni mpaka makofi yakaisha.

Mzee_wa_Feri

Pole sana dada. Ila mbona hujasema alichapwa nani? Nimeingia nikijua ni kesi ya fimbo shuleni, nimesoma mpaka mwisho sijaona mwanafunzi.

Mmwera_Asilia

Subirini kwanza. Risasi zinagonganishwa na sisi huku kusini hatujaambiwa tukalale chini ya vitanda?

Mchele_wa_Kitere

Risasi MADINI! Ile nzito ya kwenye betri ya gari! Wanachukua kiini chake, wanakikimbiza karibu na kasi ya mwanga, wanakigonganisha na kingine. Mimi naongelea jina langu, nyie mnaongelea bunduki.

Mmwera_Asilia

Kiini cha yai nakijua. Hicho kingine nitauliza kesho.

Ngongo_Junction

Wamarekani kwenye maabara yao ya Brookhaven wao walianza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000. Mwaka 2005 wakatangaza kwamba kinachotoka kwenye mgongano kinatiririka kama kimiminika chenye unato mdogo mno, wakati watu walitegemea gesi. Sasa ningependa kujua, dhahabu ile ikishagonganishwa nani anaizoa?

Kangomba_Siitaki

Dada mimi niko upande wako. Hii ni kangomba, haina jina lingine. Mkulima ana njaa, korosho bado ni maua, mjanja anakuja na vijisenti vyake na bakuli. Msimu ukifika mzigo wote ni wake, na kwenye mizani anasimama yeye kifua mbele. Huyo bwana kakupimia kwa bakuli. Na ninamjua, na gari lake hilo hilo chini ya mwembe!

Mchele_wa_Kitere

Asante! KWA BAKULI! Na akasema mbele ya watu, kwa upole, "alitusaidia kuchapa". Angenitukana ningelala.

Sheria_Msumari

Swali la kisheria. Ulichapa au hukuchapa?

Mchele_wa_Kitere

Nilichapa, lakini ndiyo…

Sheria_Msumari

Basi shahidi amekiri. Faili lifungwe.

Mchele_wa_Kitere

Lisifungwe! Anayelima, akapalilia, akavuna, halafu akapika, utasema huyu alisaidia kupika? Mpaka majedwali nimechora mimi. Jedwali la tatu lina kosa la herufi nililolisahau, na leo limetoka ukutani na kosa lake vilevile, hakulisoma hata mara moja! Neno "kigunduzi" limeandikwa "kigundizi", wageni wote wamelipiga picha.

Paka_wa_Mikindani

Kuhusu kuchapa nina habari. Mwaka 1975 mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, alimaliza makala yake, mwenzake akamwambia jarida litaikataa kwa sababu ameandika "sisi" kote na yuko peke yake. Enzi hizo ni taipureta, kurudia kuchapa kazi nzima ni adhabu. Akamwongeza paka wake awe mwandishi mwenza, kwa jina la F.D.C. Willard. Na ikachapishwa. Kwa hiyo dada, paka hakuchapa hata herufi na jina alipewa. Wewe umechapa zote ukakosa.

Mzee_wa_Feri

Nimecheka mpaka pweza ameungua jikoni.

Mchele_wa_Kitere

Mnacheka? Chekeni. Paka! Sasa nimepata na paka wa kunizidi!

Sura_ya_Pili

Afadhali wewe uliambiwa umechapa. Mimi msimamizi wangu kashikilia sura ya pili tangu masika. Nikipiga simu, yuko Newala msibani. Nimehesabu misiba 11. Sijui huo ukoo umebaki na nani wa kuzikana.

Tandahimba_Mpya

Wangu mimi alitaka nimrejelee kwenye kila ukurasa. Nilikuwa naandika kuhusu mikoko ya Mnazi Bay, yeye ni mtu wa ushairi. Nikamrejelea. Mikoko na vina vya kati. Nikafaulu.

Mchele_wa_Kitere

Huo ndio ufisadi wenyewe ninaouongelea! Kule kwenye fizikia kuna kanzidata ya INSPIRE, ukitaka inakuondolea marejeleo ya mtu kujirejelea mwenyewe, unaona idadi halisi. Yule bwana ukimwondolea ya kwake anabaki na mawili, na moja kalitoa shemeji wa mabati. Jamani turudi kwenye mada. Nimwandikie barua au niende kwa wakubwa wake?

Mzalendo_wa_Masasi

Nyie wasomi mnalilia majina. Sisi mnada umepita wiki ya tatu, pesa haijaingia. Chama kinasema benki, benki inasema chama. Na watoto shule inafunguliwa Jumatatu.

Kangomba_Siitaki

Na salfa je? Mikorosho imepigwa ubwiriunga, salfa inakuja maua yameshakauka. Hilo nalo tulifungulie uzi.

Mzalendo_wa_Masasi

Sisi tulipewa mfuko mmoja tugawane kaya tatu. Kila kaya 0.33, kama dada alivyosema kule juu.

Kangomba_Siitaki

Hapo sasa umeongea lugha ninayoielewa.

Mchele_wa_Kitere

Wakuu, barua au wakubwa wake?

Ngongo_Junction

Mfuko mmoja kaya tatu ni wapi huko? Kwetu tulipewa miwili kaya tano, mwenyekiti akachukua mmoja.

Mzee_wa_Feri

Dada Mchele, samahani, kitu kimoja tu. Zile korosho za ukumbini zilikuwa nzima au vipande?

Mchele_wa_Kitere

Nzima. Kwani?

Mzee_wa_Feri

Nina mgeni anarudi Dar keshokutwa. Anayezikaanga ni nani?

Tandahimba_Mpya

Kama ni ukumbi ule, ni mama mmoja wa Chikongola. Mwambie mapema, ikifika saa nne zimeisha.

Mzee_wa_Feri

Njoo chemba unipe namba.