Mnyoo kwenye matamvua ya kuhe: nitajuaje kama ni spishi mpya?

Mwanafunzi_Kigoma
Habari za humu wakuu. Nasoma shahada ya pili, nafanyia kazi vimelea vya samaki wa Ziwa Tanganyika. Kwenye matamvua ya kuhe wa mwalo wa Kibirizi nimekuta viminyoo visivyofika hata milimita moja, vimeng'ang'ania katikati ya nyuzi. Nikilinganisha na picha za jenasi Cichlidogyrus, naona nanga (ndoana kubwa wanazojishikizia) za vyangu zina mzizi mrefu zaidi, na kiungo cha dume kimepinda vingine. Msimamizi wangu ni mtu wa mambo ya uvuvi, ananiambia niandike tu kuwa ni spishi mpya. Nitakuwaje na uhakika? Na ikiwa kweli ni mpya, naruhusiwa kuipa jina la bibi yangu? Matamvua mengine yako kwenye formalini, mengine kwenye spiriti ya asilimia 96.

Mvuvi_Ujiji
Samahani wataalamu, sisi kuhe tunamla kila wiki. Hao wadudu hawatudhuru?

Fundi_Hadubini
Mvuvi, kula bila wasiwasi kaka. Hao wanaishi kwa samaki tu, na matamvua yenyewe mnayatupa. Anayeumia ni samaki, hasa wa bwawani waliosongamana.

Mdogo wangu, neno "mpya" liweke pembeni kwanza. Kuhe tayari ana mnyoo wake, Cichlidogyrus nshomboi, ulioelezwa mwaka 2012 na Muterezi Bukinga, mtafiti wa Uvira, pamoja na wenzake. Anza na huo. Tafuta makala yenyewe yenye michoro na vipimo, maana picha za mtandaoni zitakupoteza.

Halafu hizo nanga. Nanga iliyolala upande huonekana fupi, iliyolala bapa huonekana ndefu, na mnyoo wa formalini haulali vizuri hata uufanyeje. Chukua samaki aliyevuliwa muda huohuo, toa upinde wa tamvua, kwangua kwa sindano chini ya hadubini ndogo. Weka mnyoo kwenye tone la maji, funika kwa kioo chembamba, kisha nyonya maji taratibu kwa pembe ya karatasi. Hapo ndipo raha ilipo: nyama inafifia, vitu vigumu vinabaki vinang'aa. Utaona nanga 4, ndoana ndogo 14, fimbo mbili ngumu katikati ya nanga, ya mgongoni ikiwa na masikio mawili. Ingiza gliserini yenye pikrati ya amonia pembeni ya kioo, uzibe kingo. Sasa pima, kwa mikromita, wanyoo wengi, sio mmoja uliokupendeza. Na wawe wakubwa: mtoto ambaye kiungo chake cha dume hakijakomaa hakuambii kitu.

Jenetiki_Dar
Fundi unamchosha kijana bure. Siku hizi unasoma COI na 28S, vipande vya DNA vya kutofautishia spishi, kazi imekwisha.

Fundi_Hadubini
Haijaisha. Spishi nyingi za zamani zina mchoro tu, hakuna hata herufi moja ya DNA yao kwenye hazina za data. Utalinganisha na nini? Mimi nasema vyote viwili kwa mnyoo uleule: ukate vipande, sehemu zenye nanga na kiungo cha dume zibaki kwenye slaidi, kipande cha katikati kiende kwenye kichupa cha spiriti. Yale ya formalini, kwa DNA, usiyategemee.

Na sio ubishi wa maabara tu. Kwenye makala hiyohiyo ya 2012 alielezwa mnyoo mwingine wa jenasi hiyo, C. mbirizei, kutoka kwa perege wa Tanganyika, Oreochromis tanganicae. Baadaye akaonekana kwa perege wa kufugwa Thailand. Mchoro wa kwanza ukiwa safi, hata aliye mbali anaweza kumtambua.

Mwanafunzi_Kigoma
Asante sana mkuu. Nimeukuta mchoro wa nshomboi, kiungo cha dume cha wangu bado naona ni tofauti. Na jina? Bibi anaitwa Nyamizi.

Fundi_Hadubini
Kama ni tofauti kwa wanyoo wote uliopima, umepata kitu. Jina la bibi linaruhusiwa, kwa mwanamke linamalizikia na -ae: nyamiziae. Lako mwenyewe usithubutu, sheria haikatazi ila watakucheka. Lazima uteue slaidi moja iwe holotaipu, yaani sampuli rasmi inayobeba jina la spishi, na makala itaje makumbusho inayotunzwa. Za Tanganyika nyingi ziko Tervuren, Ubelgiji. Ukiweza kugawa, nyingine ziache hapa nyumbani ili atakayekuja baada yako asihitaji viza kuziona. Jarida likitoka mtandaoni tu, makala isajiliwe kabla kwenye ZooBank, rejista rasmi ya majina ya wanyama. Na kwenye tasnifu andika "Cichlidogyrus sp. 1", hilo jina la bibi lisionekane popote hadi jarida litoke.