Idhini ya Mbingu: ilimbana mfalme wa China, au ilimsafisha mshindi?

Mleta mada: Wakuu, tianming, yaani idhini ya Mbingu, imani kwamba Mbingu humpa mfalme haki ya kutawala na kumnyang'anya akiharibu, wengi huisifu kama katiba ya kale ya China. Mimi naiona muhuri wa mshindi tu. Wazhou walipowapiga Washang, ukoo uliokuwa ukitawala, katika vita vya Muye, yapata 1046 KK, walidaiwa maelezo: kibaraka amwangushe bwana wake kwa haki gani? Majibu yao yamo ndani ya chungu cha shaba cha miguu mitatu, Da Yu ding, chenye maandishi ya herufi 291: mfalme Wen wa Zhou alipewa idhini, Washang wakaipoteza kwa sababu maofisa wao walizama kwenye pombe. Walioshindwa hawakuulizwa.

Mchangiaji wa pili: Sawa mkuu, lakini ukishatangaza kwamba Mbingu hunyang'anya, kitanzi hicho kinakungoja na wewe. Mwaka 178 KK jua lilipopatwa, mfalme Wen wa ukoo wa Han uliotawala baadaye (si yule wa Zhou) alitoa waraka akikiri kosa ni lake, akataka aletewe watu wa kumsema bila woga. Naye mwanafalsafa Mengzi alishasema kwamba mtawala aliyevunja utu na haki akiuawa, aliyekufa ni mtu baki, si mfalme.

Mchangiaji wa tatu: Nyote mmeruka swali la nani anasoma anga. Panapovuja ni hapo. Wanajimu wa serikali waliripoti, wakubwa wa ikulu wakafasiri, kisha lawama ikatafutiwa mtu. Mwaka 7 KK ilidaiwa Mirihi imetua penye kundinyota la Moyo, ishara ya msiba kwa mfalme. Kansela (waziri mkuu) Zhai Fangjin akasukumwa kujiua ili aubebe. Haikusaidia, mfalme Cheng alikufa mwaka huohuo. Na hesabu za watafiti wa leo zinaonyesha Mirihi haikuwa pale! Baadaye sheria ya ukoo wa Tang ikaweka adhabu ya miaka 2 ya kazi ngumu kwa raia atakayekutwa na vyombo vya kupimia nyota. Mizani ikawa mali ya anayepimwa.

Mleta mada: Ndicho ninachosema.

Mchangiaji wa pili: Anga unaweza kuifungia, mto je? Wang Mang, ofisa mkuu wa Han, alinyakua kiti cha ufalme mwaka 9 BK kwa ishara za kupikwa. Mwaka 11 Mto Njano ukahama mkondo, njaa ikazaa waasi wa Nyusi Nyekundu, na mwaka 23 akauawa ndani ya ikulu yake.

Mchangiaji wa tatu: Kwa panga, mkuu.