Muvi za wahuni wengi zisizo na steringi mmoja, tupeane uzoefu: Snatch ulimshika nani?

Wakuu habari za jioni. Leo nataka tuongelee zile muvi huyu ana dili lake, yule ana deni lake, hawajuani kabisa halafu mbele wote wanakutana pabaya. Kwangu hakuna kama Snatch ya mwaka 2000, ya Guy Ritchie. Almasi ya karati 86 inaibwa Antwerp inaletwa London, kila anayeisikia anaitaka, na huku kuna mapromota wa ngumi za mchongo wamebanwa na mzee anayelisha nguruwe maiti za watu. Tuliiona kibanda umiza Ngarenaro, tukamshika Benicio del Toro, yaani tukamchagua awe steringi wetu, maana yeye ndo ana jiwe, na steringi hafi, si ndiyo? Muvi haijafika mbali kapigwa risasi. Aisee kibanda kizima kelele, watu wanadai hela zao. Wewe ulimshika nani?

CHALII WA PASUA: Statham. Nilikuwa nishamwona kwenye Transporter nikawa nasubiri apige mtu, wapi, ngumi zote za Brad Pitt. Halafu mtafsiri wetu hapa Moshi nampa heshima yake mpaka leo, maana yule Brad Pitt akiongea hata wenzake humo ndani hawamwelewi, basi jamaa kila akifungua mdomo anamwekea Kirombo kitupu, sisi wa Machame tumekodoa macho tu. Hakuna tafsiri imewahi kuwa sahihi kama ile.

DALALI MSTAAFU: Mimi nimekula kwenye tanzanite hapa Arusha kabla Mirerani haijazungushiwa ukuta 2018. Watu walicheka mbwa alipomeza jiwe, mimi roho iliniuma. Jiwe linatoka kwa mwanaapolo, yaani mchimbaji, linapita mikono na mikono, limekunjwa kwenye kikaratasi cheupe, unalifungua juani unaligeuza uone buluu na zambarau, na aliyekupa hujui yeye kapewa na nani. Ile muvi haikunichanganya hata kidogo, kila mtu pale mjini alikuwa na stori yake na jiwe ni lile lile.

MAMA K: Mbona hakuna aliyemtaja mama yake Mickey, huyo Brad Pitt wenu? Nacheka weee, mara trela linachomwa usiku na mama wa watu yumo ndani. Kicheko kilikata. Yule kijana anapanda ulingoni na msiba wake, kaambiwa aanguke raundi ya nne, hakuanguka. Mimi nilimshika yeye toka hapo.